Kurasa Tulizozibeba Mfukoni

Faili ya ukurasa uliohifadhiwa kwa Internet Explorer miaka ile ilikuwa na mstari mmoja ambao msomaji wa kawaida hakuuona. Ulikaa juu kabisa, umefungwa ndani ya alama zinazouficha kwenye skrini, nao ulitaja anwani ambako ukurasa ulitoka. Kabla ya anwani palikuwa na mabano yenye tarakimu nne zilizohesabu urefu wa anwani hiyo kwa herufi. Kompyuta iliandika mstari huo bila kuombwa. Tarehe haikuiandika. Tarehe tuliiongeza sisi chini yake: siku, mwezi, mwaka, na herufi mbili za jina la aliyeuleta. Ninazo hadi leo baadhi ya faili hizo, na nikiifungua yoyote kwa Notepad najua habari ilitoka wapi, ililetwa lini, na nani aliyekwenda mjini kuileta. Kuna habari nyingi nilizosoma kwenye simu mwezi uliopita ambazo siwezi kuzisemea hata moja kati ya hayo matatu.

Nasema juu ya miaka ya mwanzo ya 2000, Morogoro, nilipokuwa mwalimu kijana wa sayansi kwenye sekondari iliyo nje kidogo ya mji. Intaneti ya mjini ilitoka angani. Juu ya paa la intaneti kafe palikuwa na dishi kubwa jeupe lililoelekezwa kwenye setilaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000, na kila ulipobonyeza kiungo, ombi lako lilipanda huko, likashukia Ulaya au Marekani, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Zaidi ya nusu sekunde ilikwenda kabla herufi ya kwanza haijafika. Kisha kompyuta zote za ukumbini ziligawana mkondo mmoja mwembamba ambao leo mwenye simu ya bei rahisi asingeuvumilia peke yake. Saa moja ilikuwa shilingi 1,000, baadaye ikashuka hadi 500, na muda wako ulihesabiwa kwenye kona ya skrini, ukipungua sekunde baada ya sekunde mbele ya macho yako.

Kusoma pale ilikuwa anasa. Aliyejua kazi yake aliingia na orodha iliyoandikwa kwenye karatasi, akafungua madirisha matano sita kwa pamoja ili moja liendelee kujivuta wakati lingine limekwisha kufika, akahifadhi, akaondoka. Kusoma kulifanyika jioni kwenye chumba cha kompyuta cha shule, umeme ukiwepo.

Hata kuhifadhi kulitaka akili. Kivinjari kilikupa njia kadhaa. Ya kwanza ilichukua ukurasa mzima pamoja na picha zake. Ya pili ilichukua maandishi na msimbo wake bila picha. Ya tatu maandishi matupu. Kuanzia Internet Explorer 5 ya mwaka 1999 ikaongezeka ya nne, iliyofungasha kila kitu ndani ya faili moja. Njia ya kwanza ndiyo iliyopendwa na ndiyo iliyoumiza watu, kwa sababu ilizaa vitu viwili: faili, na folda ya picha yenye jina lile lile. Aliyebeba faili akaiacha folda alifika kwao akakuta visanduku vitupu vyenye alama nyekundu ya X mahali pa kila mchoro. Na flopi ilikuwa na nafasi ya megabaiti 1.44 tu. Mchoro mmoja mzuri wa moyo uliopasuliwa kuonyesha vyumba vyake ungeweza kumeza sehemu kubwa ya diski nzima, kwa hiyo ulipaswa kuamua palepale: mchoro wa moyo, au kurasa kumi za maandishi kuhusu mzunguko wa damu.

"Mwalimu, zimebaki dakika mbili," binti wa kaunta alikuwa akiniita.

"Niongezee nusu saa, dada. Kuna picha haijamaliza kushuka."

"Hifadhi maandishi tu, mwalimu. Picha si utaichora ubaoni?"

Alisema kweli. Michoro mingi iliyopamba ubao wangu miaka ile niliinakili kwa penseli kwenye daftari nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kafe, picha ikifunguka mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, nami nikiifuata kwa mkono.

Kazi yenyewe ilianzia shuleni. Tulikuwa na kompyuta za mtumba zilizotolewa msaada. Hazikuwa na laini ya simu wala waya wowote wa kutoka nje, lakini Windows iliyokuwa ndani yake haikujua hivyo. Ukifungua ukurasa kama ulivyotoka mjini, uliendelea kuwatafuta wenzake: tangazo lililokaa kwenye seva ya Marekani, kihesabio cha wageni, nembo ambayo haikushuka. Kila kimoja kilipoitwa, dirisha la kupiga simu lilijitokeza katikati ya skrini kuuliza kama mashine iunganishwe. Mwanafunzi analifunga, linarudi. Katika kipindi cha dakika 40, wanafunzi wanne wakibanana kwenye kila kompyuta, dirisha lile peke yake lilitosha kuua somo.

Kwa hiyo tulisafisha. Tuliufungua ukurasa kwa Notepad, msimbo wake ukaonekana wazi, tukaanza kukata. Kurasa za wakati ule zilijengwa kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, na ukishazoea ulijua pa kuangalia. Jedwali la juu kabisa karibu kila mara lilibeba tangazo, nalo lilijitambulisha kwa vipimo vyake: pikseli 468 kwa 60. Hilo liliondoka lote. Safu ya kushoto ilikuwa orodha ya viungo vya kwenda sehemu nyingine za tovuti ile. Vilivyoelekea kwenye kurasa tulizokuwa nazo tulivifupisha, tukafuta jina la seva na kubakiza jina la faili tu, ili mwanafunzi akibonyeza apelekwe kwenye folda ya jirani badala ya kupelekwa Marekani. Vilivyoelekea kusikokuwapo tulivivua kiungo, maneno yakabaki. Kisha vipande vya JavaScript. Kisha kihesabio. Ukurasa ulioingia na ujazo wa kilobaiti 90 ulitoka na 15, na ulifunguka mara moja hata kwenye mashine iliyochoka kuliko zote.

Palikuwa na njia nyepesi zaidi. FrontPage Express ilikuja pamoja na Windows 98, na Netscape nayo ilikuwa na Composer yake, ambamo ulihariri ukurasa kama unavyohariri barua, bila kugusa msimbo. Tulizijaribu. Zilifanya kazi, ila ziliacha uchafu mwingi nyuma, tagi tupu zisizofunga chochote, na mimi nilirudi Notepad. Ninaona hadi leo kwamba aliyejifunza kuukata ukurasa kwa mkono aliuelewa zaidi ya aliyeusoma tu. Huwezi kufuta aya ya tatu kabla ya kuhakikisha kwamba aya ya saba haiitegemei.

Kilichonipa furaha kuliko chote ni kuongeza. Watoto wetu wa kidato cha kwanza walikuwa wametoka kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe likawa kwa Kiingereza. Ukurasa wa Mmarekani kuhusu jinsi jani linavyotengeneza chakula ulikuwa ukuta mbele yao. Basi chini ya kila aya ngumu tuliandika maelezo mafupi kwa Kiswahili: usanisinuru ni nini, umbijani unafanya nini, kwa nini mmea wa ndani ya chumba chenye giza unageuka rangi. Mwalimu mwenzangu wa jiografia, aliyenizidi umri kwa miaka mingi, aliweka sharti ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulivunja.

"Kijana, maneno ya mtu usiyachanganye na yako," aliniambia. "Atakayesoma ajue nani kasema nini."

Maelezo yetu yakawa ya rangi ya kijani, yote, kwenye kila ukurasa. Jina la mwandishi wa asili halikuguswa. Tulichokata tulikitaja mwishoni kwa mstari mmoja: matangazo yameondolewa, picha mbili zimeondolewa kwa sababu ya nafasi. Ilichukua muda, na hakuna aliyetudai tufanye hivyo. Lakini mwanafunzi aliyeona rangi ya kijani alijua kwamba anazungumza na mwalimu wake, na alipoona nyeusi alijua kwamba anazungumza na mtu wa mbali ambaye angeweza kumpinga. Nimewaona wakimpinga. Mmoja alikuja na ukurasa kuhusu mbu wa malaria na kuuliza kwa nini mwandishi anasema hivi wakati kwao Kilombero mambo yako vile.

Baadaye tukapanua. Mwenye kafe alituruhusu kuiacha kompyuta moja ikifanya kazi usiku, wateja wakiwa wamekwenda, na hapo ndipo HTTrack ilipoingia maishani mwetu. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa, Xavier Roche, mwaka 1998. Unaipa anwani moja, nayo inafuata viungo vyote vya tovuti ile, inashusha kila ukurasa, na inavipanga upya viungo ili vielekee ndani ya diski yako. Kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa vidole kwa wiki nzima iliifanya hadi alfajiri. Ila ukiiruhusu itoke nje ya tovuti uliyoitaja bila kuiwekea kikomo, inaanza kuufuata ulimwengu mzima, na asubuhi unakuta diski imejaa kurasa za watu usiowajua na somo ulilolitaka halimo. Tulijifunza kuiwekea kikomo. Asubuhi tulichoma CD, na CD iliingia kwenye begi pamoja na chaki na madaftari.

Hatukuwa watu wa ajabu kwa kufanya hivi. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikuwa na mradi ulioitwa WiderNet, ulioongozwa na Cliff Missen, uliofanya jambo lile lile kwa kiwango kikubwa: walikusanya mamilioni ya nyaraka za wavuti kwa ruhusa ya wenyewe, wakazijaza kwenye diski kuu waliyoiita eGranary, na kuzipeleka kwenye vyuo vya Afrika ambavyo laini zao za intaneti zilikuwa nyembamba kama yetu. Mwanafunzi wa chuo alibonyeza, na ukurasa ulitoka kwenye chumba cha pili badala ya bara la pili.

Kama ningeulizwa ni lini ufundi huu ulifika kileleni, ningesema ni kwenye miaka ya ScrapBook. Firefox ilitoka mwishoni mwa 2004, na Mjapani aliyejulikana kwa jina la Gomita akaitengenezea nyongeza iliyokuwa kila kitu nilichokitamani nikiwa na Notepad. Unahifadhi ukurasa, halafu unauhariri palepale ndani ya kivinjari: kifutio cha kuondoa kisanduku chochote kwa kubonyeza mara moja, kalamu za kupaka rangi mistari, karatasi ndogo za kubandika maelezo pembeni. Kila ukurasa ulikaa kwenye folda yake kwa msimbo wa kawaida, pamoja na anwani ulikotoka, na tarehe ya kuhifadhiwa ilijiandika yenyewe. Nilihamishia humo kazi ya miaka kadhaa. Novemba 2017, Firefox toleo la 57 lilipotoka, nyongeza zote za mfumo wa zamani ziliacha kufanya kazi, na ScrapBook ikawa miongoni mwao. Kwa kuwa kurasa zilikuwa faili za kawaida, hazikupotea. Waliokuwa wamehifadhi kwa miundo ya kipekee iliyotegemea nyongeza fulani walihangaika zaidi.

Lakini nimeruka mwaka muhimu kuliko yote, na ni huo ninaoukumbuka kwa uchungu. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, wenye urefu wa takriban kilomita 17,000 chini ya bahari, ulianza kazi, ukiziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na Ulaya na India. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Katika miaka michache bei zilishuka, simu zikaanza kufanya yaliyofanywa na kafe, madishi yakabaki kwenye mapaa yakiota kutu. Hakuna aliyehitaji tena kubeba ukurasa. Ungeufungua kesho, na keshokutwa, wakati wowote.

Mwaka ule ule, tarehe 26 Oktoba, kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities. Ilikuwa mahali ambapo mtu yeyote aliweza kujenga ukurasa wake bure, na anwani zake ziligawanywa kwa mitaa: mtaa wa Athens wa wapenda elimu, mtaa wa SiliconValley wa watu wa kompyuta, na mingine mingi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 mamilioni ya watu walikuwa wamepanga humo. Baadhi yao walikuwa Waswahili walioko masomoni ughaibuni, wenye hamu ya nyumbani na kompyuta ya chuo isiyolipiwa kwa saa.

Mmoja wao alikuwa ameandika ukurasa wa bao la Kiswahili. Simjui jina, alijitambulisha kama mwanafunzi aliye kwenye baridi. Alieleza mchezo kwa Kiswahili safi, kuanzia ubao wenye mashimo 32 na kete 64, nyumba ya mraba na kete zake sita za mwanzo, hadi tofauti ya kunamua na mtaji, na lini mchezaji anaruhusiwa kutakata. Alipiga picha bao la babu yake hatua kwa hatua, mkono wa mzee ukionekana kwenye fremu. Alikuwa na sehemu nzima ya maneno ya barazani, yale ambayo wazee wanarushiana wakati wa kucheza na ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote. Tuliusoma pale kafe mara nyingi. Tulibishana juu yake, tukaitana kuuangalia. Hatukuuweka kwenye flopi, kwa sababu flopi ilikuwa ya mtihani wa taifa, na bao halitahiniwi.

Ukurasa ule umekwisha. Kikundi cha kujitolea kiitwacho Archive Team, kilichoanzishwa na Jason Scott, kiliifanyia GeoCities uokoaji wa haraka katika miezi ya mwisho na kukusanya sehemu kubwa sana. Nimetafuta humo. Nimetafuta pia katika Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo imehifadhi mabilioni ya kurasa. Mashine za kukusanya hufuata viungo, na ukurasa ambao wengi wanauelekea hupitiwa tena na tena. Ukurasa wa Kiswahili kuhusu bao, ambao pengine ulielekezwa na kurasa mbili tatu tu, ulikuwa na nafasi ndogo ya kufikiwa, na anwani yake kamili, mtaa na namba ya nyumba, hakuna aliyeiandika popote.

Tangu hapo nimeona mengine yakienda kwa namna tofauti tofauti. Magazeti yamebadilisha tovuti zao, na makala ya miaka ya nyuma yakabaki upande wa pili wa mabadiliko hayo. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania, zikitaka wenye tovuti na majukwaa wajisajili kwa ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni 2, na watu waliokuwa wakiandika kwa mapenzi, bila kuuza chochote, walifunga. Wengine walikufa, na hakuna mtoto aliyejua kwamba kuna ada ya kila mwaka ya jina la tovuti ya baba. Jina likachukuliwa na kampuni ya kamari. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Hesabu hiyo haikuhusu Kiswahili pekee. Sisi tulianza na kurasa chache.

Na tunachokiita kuhifadhi siku hizi kimebadilika asili yake. Facebook ilileta kitufe cha kuhifadhi mwaka 2014, na watu wanakibonyeza kwa nia njema kabisa, lakini kinachowekwa ni kumbukumbu ya mahali kitu kilipo. Mwenye nacho akikifuta, umehifadhi pengo. Pocket, iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya kuweka makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025, na watumiaji wake walipewa muda wa kuchukua orodha zao: vichwa vya habari na anwani. Kwenye simu tunapiga picha ya skrini. Picha ile haina anwani, na tarehe yake ni ya siku iliyopigwa na inapotea ikitumwa kwa WhatsApp. Inakaa kati ya picha za harusi na risiti za malipo mpaka simu ijae, kisha inafutwa pamoja na nyingine.

Kurasa zenyewe nazo hazikubali kushikwa kama zamani. Ukurasa wa 2002 ulikuwa maandishi yaliyokwisha andikwa, ukiuchukua umeuchukua. Ukurasa wa leo mara nyingi ni programu inayokwenda kuyatafuta maandishi baada ya wewe kufika, na ukiuhifadhi kwa njia ya kawaida unaweza kufika nyumbani na fremu, nembo na nafasi tupu. Dawa ipo. SingleFile ya Gildas Lormeau, Mfaransa mwingine, husubiri ukurasa ukamilike kisha huukusanya wote, picha na mitindo yake, ndani ya faili moja inayofunguka kwenye kivinjari chochote. WebScrapBook inaendeleza kazi ya ile ScrapBook, kifutio na kalamu zikiwa ndani. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inaiweka Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu bila bando. Vyombo ni bora kuliko tulivyokuwa navyo. Mazoea ndiyo yamekufa, na yamekufa hasa kwa watu wa umri wangu, tuliodhani mkongo wa baharini umemaliza kazi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, SEACOM na EASSy, ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu asubuhi chumba cha walimu kilikuwa kimya. Maandalio ya masomo yalikuwa kwenye mitandao, mitihani ya majaribio ilikuwa kwenye mitandao, hata muhtasari wa somo ambao zamani kila mwalimu alikuwa nao kwenye droo. Mwalimu mmoja kijana, mwenye simu nzuri kuliko zote mle ndani, aliniuliza, "Mwalimu, ninyi zamani mlifundishaje?" Aliuliza kwa dhati. Nikamwonyesha folda ya usanisinuru. Ilifunguka mara moja, na alipoona mistari ya kijani aliuliza nani aliyeiandika.

Maktaba ya Kifalme ya Sweden ilianza kuzivuna kurasa za nchi yake mwaka 1996, na Denmark inafanya hivyo kwa sheria tangu 2005. Lugha za nchi hizo zina wasemaji wachache kuliko Kiswahili. Kwetu mchapishaji wa kitabu anatakiwa kupeleka nakala maktaba ya taifa, na ni utaratibu mzuri ambao umeokoa mengi. Natamani siku moja kikoa cha .tz na cha .ke viwe na mlinzi wa namna hiyo, na natamani zaidi kwamba mlinzi huyo afike hadi kwenye kurasa zisizo na kikoa cha taifa, za mwanafunzi aliye kwenye baridi.

Mwaka jana nilikwenda Turiani kumsalimia yule mwalimu wa jiografia, ambaye sasa ni mstaafu anayelima mpunga. Nilibeba kompyuta mpakato na kisomeo cha CD cha kuchomeka, kwa sababu kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kutia CD. Alikuwa ametunza kasha zima. CD za kuchoma zina tabaka la rangi linalochakaa kwa joto na mwanga, na kadhaa ziligoma kabisa, lakini nyingi zilisomeka. Tulikaa barazani tukazipitia hadi jioni: volkano za Iceland, mto Mississippi, bonde la ufa kama lilivyoelezwa na chuo kimoja cha Marekani, muundo wa atomu, jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi. Kila kitu kilikuwa na tarehe na jina. Nilitafuta kwa kompyuta maneno ya kawaida ya Kiswahili, nikianza na lile neno "na", kwenye faili zote zilizosomeka. Yaliyopatikana yalikuwa ndani ya mistari yetu ya kijani tu.

Mzee aliitazama skrini kwa muda. Kisha akasema tuzinakili zote hata hivyo, leo leo, kabla umeme haujakatika, na tukazinakili.

Nawaomba wenye CD na flopi za miaka ile wazisome mwaka huu. Kwenye miji mingi bado kuna fundi mmoja au duka la steshenari lenye mashine ya zamani inayozisoma. Mkikuta humo ukurasa wowote wa Kiswahili, wa mapishi, wa timu ya mpira, wa shairi la mtu asiyejulikana, unakilini mara mbili na muandike ulikotoka. Na kama kuna aliyeuhifadhi ule ukurasa wa bao, au aliyeuchapa kwenye karatasi pale kafe kwa shilingi mia ya ukurasa, anitafute kupitia kwa mhariri. Mwandishi wake pia, kama yuko hai na anasoma hapa, anitafute. Babu yake alikuwa na namna ya kufungua mtaji ambayo sijaiona tena.